Majivu ya Bi Tatu na Kiti Kilichokuwa Kinazama

Nakumbuka asubuhi moja pale soko la samaki la Feri, mwanangu, nimepiga magoti kwenye maji ya samaki, spana mkononi, na bolti ya kubania kiti cha baiskeli yangu imekatika mbele ya macho yangu. Tenga la vibua nilikuwa nimeshalifunga kwenye keria. Jua linapanda. Na kule Kariakoo kulikuwa na mzee mwenye hoteli ambaye alikwisha kunipa neno lake la mwisho. Neno lenyewe lilikuwa Ijumaa, na ile asubuhi ilikuwa Alhamisi.

Wacha nianze mbali kidogo. Mimi siwezi kusimulia kwa mstari ulionyooka. Shule niliiacha kabla haijanizoea, na mdomo wangu unakwenda kama maji ya mvua Jangwani, popote penye bonde unaingia. Lakini nivumilie. Juzi mjukuu wangu kaniletea malalamiko ya baiskeli yake mpya, ile nguzo nyeusi ya kiti inazama kila akipanda, naye kaikaza mpaka jasho. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana niliijua njia anayoielekea. Nikaona bora niyaandikishe haya, yamfae yeye na wewe pia, hata kama huna baiskeli.

Enhe. Miaka ile ndiyo serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara. Kabla yake sabuni tulipanga foleni, na ukiipata unaificha mgeni asiione. Halafu ghafla mitaa ya Kariakoo ikajaa vitu mpaka njiani: redio, vikombe vya maua, viatu vya watu wa Ulaya vilivyovaliwa vikachokwa. Vitu viliingia, lakini kazi nyingine zilitoka. Mume wangu, Baba Rukia, alikuwa kiwanda cha nguo. Kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Alirudi nyumbani na kiinua mgongo chake, akakaa barazani siku nyingi anatazama mikono yake kama mtu aliyeiazima.

Siku moja akaamka, akaenda bandarini, ambako makontena ya mitumba yalikuwa yanafunguliwa, akarudi anasukuma baiskeli. Nyepesi, mwanangu, nilikuwa nainyanyua kwa mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Waliomuuzia walisema ilikuwa ya mashindano huko ilikotoka. Fremu ilikuwa ya alumini. Nguzo ya kiti, lile bomba linalosimamisha kiti, ilikuwa nyeusi, si chuma wala si plastiki. Ukiigonga kwa kucha inalia kavu, kama ganda la kobe. Mafundi walisema inaitwa kaboni. Sisi wa uswahilini tuliiita ubua, kama bua la mtama, kwa wepesi wake.

Baba Rukia alidhani ataipanda yeye. Alijaribu kwa wiki, mgongo wake ukakataa. Alikuwa ameinama kwenye mashine za kiwanda miaka mingi. Nikamwambia, basi nipe mimi. Akanitazama. "Wewe mwanamke wa Kariakoo, na khanga zako, upande baiskeli mpaka Feri?" Nikamwambia khanga nitafungia samaki, mimi nitavaa suruali yako ndani ya gauni. Nilijifunzia pale Jangwani, kwenye uwanja, na siku hizo niliwapa watu kicheko cha bure. Watoto walikuwa wanakuja kama wanakuja kuangalia mpira.

Nikapata kazi. Mzee Awadhi, Mwarabu mwenye hoteli mtaa wa pili kutoka kwetu, alikuwa na wateja wa wali wa nazi na samaki, na samaki wake walikuwa wanamfikia wamechoka. Nikamwambia nitakuletea vibua na changu kutoka Feri kabla hujawasha moto. Akakuna ndevu. "Mama Rukia, moto wangu haumsubiri mtu." Nikamwambia hautanisubiri.

Mwanzoni sikuchelewa. Kisha kiti kikaanza kuzama.

Sijui kama umewahi kuendesha baiskeli ambayo kiti chake kinashuka. Unaondoka Feri miguu imenyooka vizuri, wewe ni malkia. Ukifika Posta magoti yameanza kukunjika. Ukifika Mnazi Mmoja magoti yanakugonga kidevu, unapiga pedeli kama chura, mapaja yanawaka moto, na wachukuzi wa mizigo wamekaa kando wanakungoja wewe tu.

"Mama, baiskeli yako inapiga magoti, inataka kuswali!"

"Mwacheni, anaelekea chini, anatafuta mafuta."

Nilikuwa nawajibu, mimi sina mdomo wa kukopa. Lakini majibu hayapandishi kiti. Ilibidi nishuke, nikipandishe, nikaze, nipande tena, na kila kusimama ni samaki juani. Nikabuni ujinga wangu mwenyewe: nikawa nakipandisha kiti juu kupita kiasi kabla ya kuondoka, ili kikizama kifike pale ninapopataka. Kama mtu anayemimina maziwa ya ziada kwa sababu anajua paka atakuja. Kwenye ile nguzo kulikuwa na alama ya kuonyesha mwisho wa kuivuta, mimi naiona na kuipita. Mungu aliniangalia tu, maana nguzo ikibaki fupi mno ndani ya fremu inaweza kukatika, na anayekatikiwa ni aliyekaa juu yake.

Nikaenda kwa fundi wetu. Jina lake halisi tulilisahau. Tulimwita Fundi Kaza, maana kila ugonjwa wa baiskeli alikuwa na dawa hiyo. Alikaa kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, chini ya mwavuli uliotoboka, na kopo lake la grisi lilikuwa kubwa kuliko sufuria yangu ya wali. Wala simsemi vibaya. Mji huu ni wa pwani, upepo wenyewe una chumvi, chuma usichokipaka grisi leo kesho kimeota kutu kama upele. Mafundi wote wa hapa wamelelewa hivyo: kila kinachoingia ndani ya kingine, kipake kwanza. Basi akaichomoa ile nguzo nyeusi, akaipaka grisi kuanzia chini mpaka juu kama anampaka mtoto mafuta baada ya kuoga, akairudisha, akakaza.

"Dada, hapo hata tembo akae."

Tembo hakukaa, nilikaa mimi, na sikufika mbali. Nikarudi. Akakaza tena. Nikarudi. Safari ya mwisho akavalisha bomba refu kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nguzo ikatoa mlio mdogo, krii, kama mlango wa kabati. Tukatazamana. Akasema, "Huo ni mlio wa kukubali."

Mimi nikanunua spana yangu na kipande cha bomba kama lake. Nikasema kama dawa ni kukaza, nitakaza mwenyewe, sina haja ya kusumbua watu. Na nilikaza, mwanangu. Nilikaza kwa hasira ya kiwanda kilichomrudisha mume wangu, kwa hasira ya wachukuzi, kwa hasira ya kodi ya chumba. Jumanne nikachelewa. Jumatano nikachelewa tena, nikamkuta Mzee Awadhi kasimama mlangoni, moto umeshawaka, mafuta yanatoa moshi, hakuna cha kutia. Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu.

"Mama Rukia, kuna kijana ana pikapu. Amekuja jana, amekuja leo. Nimemwambia nitamjibu Ijumaa. Ijumaa watu wakitoka msikitini wanataka kula. Ukinifikia kabla sijawasha, kazi ni yako. Nikiwasha hujafika, usinilaumu."

"Sitakulaumu, mzee. Ni kiti tu, kinazama."

Ndiyo nikarudi Feri Alhamisi, na ndipo ile bolti ikakatika, nami nikabaki pale kwenye maji ya samaki kama nilivyokwambia.

Sasa pale karibu na ngazi za wauza samaki alikuwa anakaa bibi mmoja, Bi Tatu, kazi yake kupaa samaki, kuwatoa magamba. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu kimechakaa mpaka kimekuwa kama jani la muwa, na pembeni yake daima kuna bakuli la majivu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa na miiba. Hakuwahi kupanda baiskeli maisha yake. Sidhani kama aliwahi hata kuishika.

"Wewe mtoto," akasema, "hiyo baiskeli imekukosea nini?"

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Sikuuliza salamu. Nimeuliza kosa lake. Kila asubuhi nakuona unaikaba roho."

"Kiti kinateleza, bibi. Nakikaza."

"Umekikaza jana?"

"Ndiyo."

"Na juzi?"

"Ndiyo."

"Na kinateleza." Akaendelea kupaa kibua chake. Kisha akaingiza mkono kwenye ndoo yake nyingine, akatoa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye utelezi usiokwisha hata akifa. Akanirushia mapajani. "Mshike huyo. Mshike asitoke."

Nikamshika. Akateleza. Nikamkaza kwa mikono yote, kama ninavyokaza spana, na kadiri nilivyokaza ndivyo alivyochomoka, mpaka akaruka kutoka mikononi mwangu akatua kwenye mguu wa mchukuzi mmoja aliyekuwa anapita na gunia. Yule bwana akaruka na gunia lake. Feri nzima ikacheka.

"Mkaze na spana," akasema Bi Tatu. Hakucheka. "Mlete huku."

Akachovya vidole kwenye majivu, akamshika mkunga kwa vidole vitatu, wala hakumbana, akamning'iniza mbele ya uso wangu. Mkunga akatulia kama kitambaa kwenye kamba.

"Nguvu zako ni nyingi kuliko zangu," akasema. "Mimi ni mzee. Lakini wewe ulikuwa unakaza ute wake, hukumfikia yeye mwenyewe. Mimi nimeufuta ute, kisha nimeutia mkono wangu meno. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, mtoto wewe. Umeshavunja kimoja leo, unangoja kuvunja na cha pili?"

Ningekwambia nilielewa palepale ningekuwa mwongo. Niliona nimeaibishwa tu. Nikamwamkia tena, nikakifunga kiti kwa kamba ya katani, nikaanza kuisukuma baiskeli kwa miguu mpaka Kariakoo. Safari ndefu, na tenga linachuruzika. Nilipofika Mnazi Mmoja nikapumzika, nikaona yale maji ya samaki yanatiririka kutoka kwenye tenga, yanafuata fremu, na yanaingia kwenye ule mpasuko mdogo nyuma ya bomba, pale nguzo inapobanwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Nikachomoa ile nguzo, nikatia kidole ndani ya bomba la fremu. Kidole kikatoka cheusi, kinang'aa, kina grisi ya Fundi Kaza na ute wa vibua vyangu mwenyewe, vimechanganyika kama mchuzi.

Hapo ndipo nilipomwona mkunga.

Samaki wa siku ile nilimfikishia Mzee Awadhi moto ukiwa umewaka zamani. Akawapokea, akasema neno moja, "Kesho." Nikamwambia, "Kesho, mzee." Sijui sauti ile niliitoa wapi. Mdomo ulisema kesho kama mtu anayetaja jina la mwanawe.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Kanji, Mhindi aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli, duka jembamba kama ukanda, rafu mpaka darini. Alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na mimi sikuwahi kuiona ile ya juu ikishuka. Nikamwomba bolti. Akaitaka nguzo yenyewe kwanza.

"Nani ametia grisi hapa?"

"Fundi Kaza."

Akaenda mlangoni, akapaza sauti kumwita ng'ambo ya barabara. Fundi Kaza akaja anajifuta mikono.

"Mzee Kanji, hapa ni pwani. Usipotia grisi, chumvi inakula."

"Chumvi inakula chuma," akasema Mzee Kanji. "Hii siyo chuma. Chuma ukikibana sana kinapinda, kinakuonya. Hii nasikia haionyi. Inanyamaza, siku moja inapasuka."

Fundi Kaza akanitazama. Nadhani alikumbuka ule mlio. Mimi niliukumbuka.

Mzee Kanji akaifuta nguzo kwa kitambaa, akaitembeza taratibu kwenye mwanga, akapitisha kucha yake pande zote, hasa pale ilipokuwa inabanwa, anatafuta ufa. Muda wote ule hakuna aliyepumua, maana nguzo nyingine ya namna ile sokoni hatukuwa nayo, na kuipanda yenye ufa alisema hataniruhusu hata nikilia. Kucha ikapita, ikarudi. Hakuna ufa. Akachukua kipimo chake, akapima unene wa nguzo, akapima na tundu la fremu. "Ni saizi yake. Ingekuwa nyembamba ningekwambia tafuta nyingine, usihangaike. Saizi ni yake, basi tatizo liko katikati yao." Akatoa kibanio kipya na bolti yake, maana kile cha zamani tulikuwa tumekikunja kwa kukaza. Akatoa na spiriti. Tukaisafisha nguzo, tukazungushia kitambaa kwenye kijiti tukasafisha ndani ya fremu, tena na tena, mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

"Haya, imekuwa safi," akasema Fundi Kaza. "Sasa itashikwa na nini? Spiriti si gundi."

Mzee Kanji akakuna kichwa kati ya miwani na miwani. Hakujua. Usidhani alijua, mwanangu. Vitu vilikuwa vimeingia mjini kabla ya maarifa yake.

"Majivu," nikasema.

Wakanitazama wote.

"Mama Rukia," akasema Fundi Kaza, "tunatengeneza baiskeli au tunasugua masufuria?"

"Leo ni vyote viwili."

Nikawaeleza habari ya mkunga. Fundi Kaza alicheka mpaka akakaa kwenye tairi, lakini Mzee Kanji hakucheka. Alisugua vidole vyake taratibu, kama anayapima majivu ambayo bado hayajaletwa. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," akasema. "Lete. Lakini yawe laini. Chenga kubwa zitaikwaruza, na mkwaruzo ndio mama wa ufa."

Nikakimbia kwa jirani anayechoma mihogo, nikachota majivu ya vifuu vya nazi, nikayachekecha kwa ncha ya mtandio mpaka yakawa laini, ila ukiyapikicha bado unasikia chembe. Tukayakoroga na dawa ya meno kidogo ili yashikamane, tukaipaka nguzo safu nyembamba pale panapobanwa tu. Siku hizi, mwanangu, madukani ipo dawa maalumu ya kazi hiyo, ina chembe ndani yake kama mchanga laini. Inunue, hiyo ndiyo yake, uniachie mimi majivu yangu. Sisi hatukuwa nayo, tulikuwa na Bi Tatu.

Tukairudisha, alama ya mwisho ikaingia vizuri ndani. Fundi Kaza akanyoosha mkono kuchukua lile bomba lake refu. Nikamshika.

"Bila bomba. Na spana ishike karibu na bolti, usishike mwishoni."

"Dada, unanishikisha spana kama kalamu."

"Basi andika polepole."

Akakaza kidogo. Nikakaa, nikakizungusha kiti kushoto na kulia. Kikazunguka. Akaongeza kidogo. Nikajaribu tena. Akaongeza kidogo sana, kiti kikagoma kuzunguka, nikamwambia basi, acha hapo. Mkono wake ulikuwa unawasha, nauona, unatamani kuongeza kamoja tu. Nikamwambia kama una nguvu zilizobaki, panda mwenyewe. Akapanda. Fundi Kaza alikuwa na mwili, jamani. Akaruka juu ya kiti, akashuka na kupanda ukingo wa barabara, watu wakasimama kutazama. Alipotelemka tukainama wote watatu. Nguzo iko palepale.

Lakini macho yanadanganya, hasa macho yanayotaka kitu. Nikatoa mkobani rangi yangu ya kucha, nyekundu (nilikuwa bado kijana, usinitazame hivi), nikachora mstari kuzunguka nguzo pale inapogusa kibanio. Mstari ukionekana, ni sawa. Mstari ukizama, hata unywele, nitajua.

Ijumaa niliondoka Feri na tenga limejaa. Nilikuwa nimelizungushia karatasi ya nailoni kwa chini, maji yasishuke tena kwenye bomba. Bi Tatu alikuwa anapaa samaki, hakuinua kichwa, alisema tu, "Leo hukuiua." Nikampungia mkono, nikapiga pedeli.

Sitakuficha, kila shimo nililoingia moyo ulishuka kabla ya kiti. Nilipita Posta, magoti yangu yakabaki yalipokuwa. Nilifika Mnazi Mmoja, wachukuzi wakajiandaa, mmoja akafungua mdomo, mimi nikampita na miguu imenyooka, akaufunga. Mwenzake ndiye aliyesema, tena nyuma yangu kabisa, "Leo haiswali?" Nikamjibu bila kugeuka, "Imeshaswali nyumbani." Sikusimama hata mara moja kukaza. Spana niliiacha kwa Mzee Kanji makusudi, ili mkono usinishawishi.

Nilipoingia mtaani kwetu niliona jiko la Mzee Awadhi limepangwa mkaa, na yeye mwenyewe kasimama na kiberiti. Upande wa pili wa barabara pikapu imeegeshwa, kijana ameegemea mlango wake. Nikashuka. Mzee Awadhi akafunua tenga, akainua kibua, akatazama mashavuni, ni pekundu, samaki bado mbichi. Akamrudisha. Kisha akanitazama mimi, na akatazama baiskeli.

"Kiti kimezama?"

"Kitazame mwenyewe, mzee."

Akainama taratibu, mkono mgongoni. Akaona mstari mwekundu, mzima, umekaa juu ya kibanio kama uzi.

"Hii rangi ya nini?"

"Ya kucha."

Kisha akainuka, akampungia yule kijana wa pikapu mkono wa kumuaga, akageukia jikoni akasema, "Tieni mafuta." Ndipo akawasha kiberiti.

Ile kazi niliifanya mpaka Rukia akamaliza shule, na nguzo ile nyeusi iliishi kuliko tairi nyingi. Fundi Kaza alibaki na jina lake, lakini chini ya mwavuli wake akaweka kopo la pili, dogo, la majivu. Wateja wakiuliza anawaambia ni siri ya kiufundi.

Sasa nikuage kwa yale niliyokuitia, mwanangu. Kama una baiskeli yenye nguzo ya namna ile na inazama, usikimbilie kukaza. Kwanza hakikisha saizi yake ni sawa na tundu linaloibeba. Itoe, ifute, fremu nayo ifute ndani, grisi ya kawaida usiipeleke kabisa huko. Ipitishe kucha utafute ufa, na ukiuona ufa usijidanganye, weka pembeni, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hauzibiki. Tia ile dawa yenye chembe, kaza kidogo kidogo kwa spana fupi, na kama imeandikwa mwisho wa kukaza, uheshimu huo mwisho. Siku hizi kuna spana zinazolia zikifika kipimo hicho, waambie mafundi wakuazime. Weka mstari wako wa rangi uutazame. Na kwa sababu tuko pwani, itoe mara kwa mara uisafishe, isije ikagandamana na fremu ukashindwa kuitoa, maana hilo nalo lilinipata, ila nikianza hadithi hiyo hatulali.

Na kama huna baiskeli, sikia hili hili. Utakuwa na ndoa itakayoteleza, mtoto atakayeteleza, kazi itakayoteleza. Mkono wako utataka kukaza, na watu watakusifu kwa kukaza, watasema una msimamo. Wewe jiulize kwanza kuna nini katikati. Futa ute. Kisha shika kwa mkono wenye meno, mshiko unaotosha, na ukishatosha, uwe na moyo wa kuiacha spana. Sikwambii ulegee, mimi sikulegea hata siku moja. Ningelegea, pikapu ingechukua riziki yangu. Nakwambia nia ikaze, mkono uupimie.

Mwenyezi Mungu akupe kiti kisichozama na njia isiyokuchosha. Akuzuie mkono wa hasira kabla haujavunja kitu, na akuweke karibu na mtu atakayekurushia mkunga mapajani siku utakapomhitaji. Nenda salama, mwanangu, na ukifika, tazama mstari wako.